Stanley na Nasaba Aliyoificha

Henry Morton Stanley tunamjua hapa pwani kwa safari zake: aliajiri wapagazi Unguja, akaondoka Bagamoyo mwaka 1871, na mwaka huo huo akamkuta Livingstone huko Ujiji. Nasaba yake ni wachache waijuao, na mwenyewe hakutaka ijulikane.

Alizaliwa Januari 1841 mjini Denbigh, nchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. Kitabu cha ubatizo kilimwandika waziwazi kuwa mwana wa haramu. Mamaye, Elizabeth Parry, alimwachia babuye. Babu akafariki, na mwaka 1847 mtoto akatiwa nyumba ya mafukara ya St Asaph. Mama yu hai, mtoto yumo humo!

Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, na huko akajiita Stanley. Alidai kwamba jina hilo alirithi kwa tajiri aliyemfanya mwanawe, dai ambalo waliofukua kumbukumbu za mji huo wamelitilia shaka. Mwaka 1872, sifa zake zilipovuma Uingereza, magazeti yalitoboa asili yake. Akakana katakata, na madaftari yapo.

Alifariki London mwaka 1904. Juu ya kaburi lake Pirbright limechorwa jina la Stanley, na la Kongo, Bula Matari. La Rowlands halipo.