Alfred Nobel: Tajiri wa baruti aliyeokolewa na udongo wenye vitundu

WENGI wanamfahamu Alfred Nobel kwa tuzo yenye jina lake, ambayo Profesa Wangari Maathai wa Kenya aliipata mwaka 2004. Wachache wanajua kuwa sehemu kubwa ya utajiri ulioianzisha ulitokana na udongo mweupe, mwepesi, uliojaa vitundu.

Nobel alizaliwa Stockholm, Sweden, mwaka 1833, baba yake akiwa mhandisi aliyewahi kufilisika. Alikulia St Petersburg, Urusi, akajifunza kemia. Wakati huo Ulaya ilikuwa ikipasua miamba kwa ajili ya reli na migodi, na baruti nyeusi haikutosha. Naitrogliserini, mafuta yaliyogunduliwa na Mtaliano Ascanio Sobrero mwaka 1847, yalikuwa na nguvu ya kutosha, lakini mtikisiko tu uliweza kuyalipua.

Septemba 1864, karakana ya akina Nobel huko Stockholm ililipuka na kuua watu kadhaa, akiwamo mdogo wake Emil, kijana wa miaka 20. Mwingine angefunga biashara. Nobel alijenga kiwanda Krümmel, karibu na Hamburg, Ujerumani. Nacho kikalipuka mwaka 1866. Bidhaa ilikuwa na soko, ila ilikuwa ikiwaua waliyoitengeneza na walioisafirisha.

Jibu lilikuwa udongo uitwao daiatomaiti, ambao ni magamba ya mwani mdogo mno uliokufa majini zamani za kale. Kila gamba lina vitundu visivyoonekana kwa macho, navyo hufyonza mafuta na kuyashikilia. (Wakazi wa Gilgil wanaujua, kwani umechimbwa Kariandusi kwa miaka mingi. Ukichanganywa na nafaka ghalani hufyonza nta inayofunika mwili wa fukusi, mdudu akakauka na kufa.)

Sehemu tatu za naitrogliserini kwa moja ya udongo zilitoa kitu kinachofinyangika kama unga wa chapati. Kilifungwa kwenye karatasi, kikabebwa kwa usalama zaidi, na kulipuliwa kwa kiwashio ambacho pia alikibuni mwenyewe. Mwaka 1867 alikisajili kwa jina la dainamaiti.

Hakikukosa kasoro. Robo ya uzito ilikuwa udongo usiolipuka, na penye maji mengi mafuta yalisukumwa nje ya vitundu, hatari ikarudi palepale. Mwaka 1875 Nobel alitengeneza jelatini ya kulipulia, isiyohitaji udongo kabisa. Si kila mfanyabiashara angekubali kushindana na bidhaa yake mwenyewe inayouzika.

Alifariki San Remo, Italia, Desemba 10, 1896, akiwa na hataza 355, bila mke wala mtoto. Wosia wake wa mwaka 1895 uliagiza sehemu kubwa ya mali iwekezwe na faida yake itolewe tuzo kila mwaka. Baadhi ya ndugu waliupinga. Tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1901.