Bibi Walker, Dobi Aliyejifunza Kutengeneza Mafuta

Wasomaji wa gazeti letu, katika likizo ya Desemba iliyopita nilifanya kosa, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike habari hizi. Kwetu ni Kibosho, na kama ilivyo desturi yetu Wachagga, wakati wa Krismasi ndugu walio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hupanda mlima kuja nyumbani. Nilitaka kuwapa zawadi ya kazi ya mikono yangu. Nikakata majani ya mshubiri, nikakomba ute wake, nikauchanganya na mafuta ya nazi, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na maji kidogo, kisha nikautia mchanganyiko huo katika vikopo. Mafuta yalinukia vizuri, na mama zangu wadogo wakanisifu sana. Haikupita wiki yakaota ukungu, na shangazi akatokwa na vipele shingoni. Hakunigombeza. Lakini alipoondoka kurudi mjini alikiacha kikopo chake dirishani, nami nikaona haya kuliko kama angenigombeza.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa Kemia mambo yote. Akanifahamisha kwamba penye maji na ute wa mmea vijidudu hupata chakula na kinywaji, na mchanganyiko huoza upesi usipotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Bali mafuta na nta peke yake, bila ya maji, hukaa muda mrefu, maana vijidudu haviwezi kuongezeka pasipo maji. Kisha akaniambia kwamba mtu anayetaka kutengeneza mafuta ya kupaka hana budi kwanza kuyajua maisha ya Bibi mmoja wa Marekani, aitwaye Madam C. J. Walker. Nimeyasoma, na sasa nawasimulia.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867, karibu na mji mdogo wa Delta, katika jimbo la Louisiana. Jina alilopewa na wazazi wake ni Sarah Breedlove. Baba yake, Owen, na mama yake, Minerva, walikuwa watumwa katika shamba la pamba, na ndugu zake waliomtangulia walizaliwa utumwani. Sarah alikuwa wa kwanza katika nyumba yao kuzaliwa huru, kwa kuwa utumwa ulifutwa Marekani mwaka 1865. Lakini uhuru huo haukuja na shamba wala fedha. Wazazi wake waliendelea kulima pamba katika ardhi ya bwana wao wa zamani, na wote wawili wakafa kabla binti yao hajatimiza umri wa miaka minane.

Yatima huyu akalelewa na dada yake, Louvenia, ambaye mumewe alikuwa mkali mno. Sarah akafanya kazi za shamba na za nyumba za watu tangu utotoni. Katika maisha yake yote ya utoto alipata miezi michache tu ya masomo. Ili aepukane na ukali wa shemeji yake, akaolewa akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka 1885 akamzaa binti, Lelia, naye ndiye mtoto wake wa pekee. Hata alipofika umri wa miaka 20, mumewe akafariki, akabaki mjane na mtoto mdogo.

Basi akamchukua mtoto wake akaenda St. Louis, mji ulio kando ya mto Mississippi, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko akawa dobi. Nyakati nyingine kazi hiyo ilimpa dola moja na nusu tu kwa siku. Alifua nguo za watu kwa mikono, akisimama juu ya mapipa ya maji ya moto na sabuni kali, mvuke ukimpanda usoni. Kwa fedha hizo za kufua alimsomesha binti yake, hata akampeleka katika chuo cha Knoxville, jimbo la Tennessee.

Katika siku zile ndipo nywele zake zilipoanza kukatika na kung'oka, hata kichwa kikawa na mabaka. Hakuwa peke yake. Wanawake wengi maskini walikuwa na taabu hiyo hiyo, na sababu zake zilikuwa wazi. Nyumba zao hazikuwa na mabomba ya maji, kwa hiyo kuosha kichwa lilikuwa jambo la nadra. Ngozi ya kichwa ikashika mba na magonjwa, chakula kilikuwa duni, na baadhi ya dawa zilizouzwa zilikuwa kali. Sarah aliona aibu kubwa. Akajaribu mafuta mbalimbali, kisha akawa wakala wa mwanamke mwingine Mweusi, Annie Turnbo, ambaye naye aliuza dawa ya kukuza nywele.

Mwaka 1905 Sarah akahamia Denver, katika jimbo la Colorado. Inasemekana kwamba huko alipika katika nyumba ya mwuza dawa mmoja, na jioni alikuwa akijaribu michanganyiko yake mwenyewe. Mwaka uliofuata akaolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua kazi ya kutangaza bidhaa katika magazeti, na tangu hapo akajiita Madam C. J. Walker. Alipenda kusimulia kwamba aliota ndoto, akamwona mtu Mweusi aliyemwambia vitu vya kuchanganya, na kwamba baadhi yake vilitoka Afrika. Lakini sisi tunaosoma Kemia tunaweza kuangalia ndani ya kopo lake. Msingi wa dawa yake ulikuwa mafuta ya mgando na salfa, pamoja na nta na manukato. Salfa ilikuwa imetumika karne nyingi kutibu ngozi, nayo hupunguza mba na kupigana na vijidudu. Mafuta ya mgando huizuia ngozi isikauke. Nta huyafanya mafuta yawe mazito, yashike yanapopakwa. Annie Turnbo alilalamika kwamba ameigwa, na ni kweli kwamba dawa zao zilifanana.

Basi ukuu wa Bibi Walker ulikuwa wapi, ikiwa vitu hivyo vilijulikana tangu zamani? Kwa maoni yangu ulikuwa katika namna ya kuvitumia. Yeye hakuuza kopo peke yake. Aliwafundisha wanawake kwanza kuosha kichwa kwa shampuu mara kwa mara, kisha kupaka dawa na kusugua ngozi kwa vidole, na baada ya hayo kulainisha nywele kwa mafuta mepesi na kitana cha moto. Watu wengine walimlaumu, wakisema kwamba anawafundisha Weusi kunyoosha nywele ili wafanane na Wazungu. Yeye alikana, akasema kazi yake ni kuponya kichwa na kukuza nywele. Ubishi huo haukuisha mpaka leo, lakini kwamba usafi wa kichwa uliwasaidia wengi, hilo halina shaka.

Kazi yake ikakua kwa upesi. Alisafiri kutoka mji hata mji, akionyesha dawa makanisani na majumbani. Mwaka 1908 akafungua chuo huko Pittsburgh, akakiita kwa jina la binti yake. Mwaka 1910 akahamia Indianapolis, akajenga kiwanda. Mawakala wake wakafika maelfu, nao walikuwa wanawake waliokuwa madobi, wapishi na vibarua wa mashamba ya pamba. Walivaa blauzi nyeupe na sketi ndefu nyeusi, wakabeba mikoba yao nyumba kwa nyumba, wakapata fedha zao wenyewe, na baadhi yao wakajenga nyumba. Mwaka 1917 aliwakusanya zaidi ya 200 katika mkutano huko Philadelphia. Hakuwapa zawadi wale waliouza sana tu, bali hata wale waliotoa sadaka nyingi.

Si kwamba njia ilikuwa nyeupe. Mwaka 1912 alihudhuria mkutano wa wafanya biashara Weusi mjini Chicago. Mwenyekiti, Booker T. Washington, mtu mashuhuri sana, hakumpa nafasi ya kusema. Siku ya mwisho Bibi Walker akasimama bila ya kuitwa, akawaeleza wote jinsi alivyotoka katika mashamba ya pamba akafika kwenye mapipa ya kufulia, na kutoka hapo akafika kwenye kiwanda alichokijenga katika ardhi yake mwenyewe. Alipata pia kusema kwamba anatamani kujenga shule ya ufundi katika Afrika. Mwaka uliofuata mkutano ule akaalikwa kwa heshima kuwa mmoja wa wasemaji wakuu.

Fedha zake hazikukaa bure. Alitoa dola 1,000 kwa ujenzi wa jumba la Y.M.C.A. la Weusi huko Indianapolis, akawasomesha vijana, na alipoajiri walimu wa kumfundisha yeye mwenyewe hakuona haya. Mwaka 1917, baada ya Weusi wengi kuuawa huko East St. Louis, alifuatana na viongozi wa Harlem hadi Ikulu ya Washington kudai sheria dhidi ya mauaji hayo, ingawa Rais hakuwapokea. Mwaka 1919 akaahidi dola 5,000 kwa chama cha N.A.A.C.P. kwa ajili ya kazi hiyo. Afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika kwa shinikizo la damu na maradhi ya figo. Akafariki tarehe 25 Mei 1919 katika jumba lake kubwa kando ya mto Hudson, karibu na New York, akiwa na umri wa miaka 51. Katika wosia wake aliagiza sehemu kubwa ya faida ya kampuni iende kwa mambo ya hisani. Shule ya Afrika hakuwahi kuijenga.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lilinigusa kuliko utajiri wake. Siku zile mafuta ya kuchubua ngozi yaliuzwa sana Marekani, na matangazo yake yalijaa magazetini. Bibi Walker katika uhai wake hakuyauza. Kampuni yake ilianza kuuza mafuta ya namna hiyo baada ya yeye kufa.

Nasema lilinigusa kwa sababu Krismasi ile ile ya vikopo vyangu, dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja nyumbani na uso mwekundu na vifundo vya vidole vyeusi. Alikuwa akitumia mkorogo. Mkorogo nao ni mafuta ya nyumbani. Watu huchanganya krimu hii na ile, na nyingi zina zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo Serikali yetu imevikataza katika vipodozi. Zebaki hupenya ngozi ikadhuru figo, na ngozi iliyochubuliwa hupoteza kinga yake juu ya jua. Wakati huo huo, hapa hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, wataalamu wa ngozi wametengeneza mafuta ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino, ambao hawana kinga hiyo tangu kuzaliwa. Sufuria ni ile ile na moto ni ule ule, lakini mmoja anachanganya ili kuiponya ngozi ya mwenzake na mwingine anachanganya ili kuivua.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Muhula huu, kwa ruhusa ya mwalimu, nimetengeneza mafuta mapya katika maabara: mafuta ya nazi na nta, bila ya maji wala ute. Vyombo nilivichemsha na kuvikausha kwanza. Nimeyapaka mkononi mwangu kwa majuma matatu, na sikuona kipele. Juu ya kikopo nimeandika vitu vilivyomo na tarehe niliyoyatengeneza. Tukifunga shule nitampelekea shangazi, nami nitamwambia kwamba akitaka kukiacha dirishani ana haki. Na dada yangu nitamketisha jikoni kwa mama, nimsimulie habari za dobi wa St. Louis, kama nilivyowasimulia ninyi.