Hans Renold, fundi wa mnyororo wa baiskeli

Wengi wetu hupaka mnyororo wa baiskeli mafuta bila kumjua Hans Renold. Alizaliwa Aarau, Uswisi, mwaka 1852, akahamia Manchester, Uingereza, mwaka 1873. Mwaka 1879 alinunua karakana ndogo huko Salford iliyotengeneza minyororo ya mashine za nguo. Minyororo ile iliisha upesi, kwani pini zilisuguana na vibati vyembamba. Mwaka 1880 Renold akaongeza bushi, mrija mfupi wa chuma unaoibeba pini, na rola juu yake. Mzigo ukasambaa. Miaka mitano baadaye John Kemp Starley akatoa Rover, baiskeli iliyoendeshwa kwa mnyororo hadi gurudumu la nyuma.

Mnyororo haunyumbuki kama mpira. Hurefuka kwa sababu viungo vyake vinalika. Ukiwa mpya, pini 25 huchukua inchi 12 kamili, kutoka katikati ya ya kwanza hadi ya mwisho. Zikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha, la sivyo utakula na meno ya gia, ambayo ni ghali zaidi.

Kiwandani kwake Renold alianzisha wiki ya saa 48 mwaka 1896. Kwetu sisi hilo halina uzito mdogo kuliko bushi. Alifariki mwaka 1943.