McAdam, fundi wa barabara aliyepigana na maji

Yako majina ya watu yaliyogeuka kuwa majina ya vitu, na jina la John Loudon McAdam ni mojawapo. Kila anayetamka neno tarmac humtaja Mskoti huyu bila ya kujua, kwani nusu ya pili ya neno hilo ni jina lake. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakutia lami katika barabara zake. Alichowaachia watu si lami; ni elimu ya kuifanya barabara idumu, na elimu hiyo inahitajika leo Migori na Homa Bay kama ilivyohitajika Uingereza zama zake.

McAdam alizaliwa mwaka 1756 katika mji wa Ayr, Uskoti. Baba yake alifariki yeye angali kijana, na mwaka 1770 akapelekwa New York kwa ami yake aliyekuwa mfanyabiashara. Huko akajifunza kazi ya hesabu na biashara, akachuma mali. Lakini vita vya Wamarekani kutaka uhuru vilipokwisha, yeye aliyesimama upande wa Mfalme wa Uingereza hakuwa tena na makao mema. Mwaka 1783 alirudi kwao, sehemu kubwa ya mali yake imepotea, bali akiwa na akiba iliyomtosha kununua shamba na nyumba katika jimbo la Ayrshire.

Ndipo alipoingia katika jambo la barabara. Wenye mashamba wa sehemu ile walikuwa wakiwekwa kuzisimamia njia, naye akawa mmoja wao. Aliona gari za farasi zikizama matopeni na magurudumu yakivunjika, na juu ya hayo aliona fedha za ushuru zikiliwa bila ya njia kutengenea. Wakati huohuo alikuwa na hisa katika kiwanda kilichotengeneza lami kutokana na makaa ya mawe, lami iliyotumika kupaka vyombo vya baharini. Lami alikuwa nayo mkononi, wala hakufikiria kuimwaga njiani.

Mwaka 1798 alihamia kusini ya Uingereza, na baadaye akakaa Bristol. Kwa miaka mingi alisafiri maelfu ya maili kwa gharama yake mwenyewe akizitazama barabara za watu, zipi zinadumu na zipi zinakufa, na kwa sababu gani. Mwaka 1816 aliteuliwa kuwa msimamizi wa barabara za kulipia za Bristol. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 60, nao ndio ukawa mwanzo wa sifa yake.

Mafundi wa zama zile waliamini kwamba njia imara yataka msingi wa mawe makubwa. McAdam alilipinga jambo hilo. Alisema kwamba mzigo wote, wa barabara na wa gari, hubebwa na ardhi yenyewe iliyo chini. Ardhi ikiwa kavu itabeba chochote, na ikilowa maji haitabeba kitu, hata mawe yawe makubwa namna gani. Kwa hiyo kazi ya barabara ni kuwa paa la ardhi. Aliinyanyua njia juu kuliko pande zake, akachimba mifereji kandokando, akaifanya mgongo kidogo katikati ili maji yateremke. Kisha alitandaza kokoto safi zisizochanganywa na udongo, tabaka juu ya tabaka, mpaka magurudumu yakazishindilia zikashikana.

Kokoto hizo hazikupaswa kuzidi wakia 6 kila moja, yaani gramu 170 hivi, na wasimamizi wake walizipima kwa mizani. Waliozivunja walikaa chini na nyundo ndogo, na kazi hiyo ikawapa riziki hata wazee na wanawake ambao hawakuweza kazi nzito.

Mwaka 1819 alitoa kitabu juu ya kutengeneza na kuzihifadhi barabara. Hilo la kuhifadhi ndilo lililomshughulisha zaidi. Alitaka kila sehemu ya njia iwe na msimamizi anayeijua kazi, anayelipwa mshahara wa kutosha ili asishawishike, na ambaye hesabu zake zinakaguliwa. Aliona kwamba njia nyingi hazikufa kwa kukosa fedha, bali kwa kuachwa mikononi mwa wasiojali. Bunge lilimsikiliza, likamrudishia sehemu ya gharama zake. Alipotaka kupewa cheo cha heshima alikikataa, na mwaka 1834 akapewa mwanawe James. McAdam alifariki mwaka 1836 katika mji wa Moffat, umri wake miaka 80.

Lami ilikuja baadaye. Magari ya moto yalipoanza kupita, matairi yake yalizing'oa zile kokoto na kutimua vumbi. Mwaka 1902 Mwingereza Edgar Purnell Hooley alipata hati ya hakimiliki ya kuchanganya mawe na lami, akamtunuku marehemu McAdam kwa kulitia jina lake katika jina la bidhaa ile.

Msomaji wa Mombasa au Malindi atauliza, Mskoti huyu ana habari gani na nchi ya Waluo? Na atazame barabara kuu itokayo Isebania, mpakani na Tanzania, ikapita Migori, Awendo na Rongo kwendea Kisii, na ile inayochepuka Rongo kuteremka Homa Bay. Mvua za masika kule ni nyingi, na pande za ziwani, kama bonde la Lambwe, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Juu ya hayo kuna malori ya mipakani, na matrekta yanayokokota miwa kupeleka kwenye viwanda vya Awendo na Ndhiwa.

Lami mahali kama hapo haifi kwa siku moja. Jua huikausha mafuta yake, ikawa kavu na ngumu, ikapasuka ufa mwembamba kama uzi. Maji huingia katika ufa. Gurudumu likipita juu huyabana maji yale, yakatoka na mchanga wa chini, pakabaki uwazi. Lami ya juu isiyokuwa na kitu cha kuilalia huvunjika, na huo ndio mwanzo wa shimo. Uzito nao una hesabu yake: majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba mzigo wa ekseli ukizidi mara 2, madhara kwa barabara huzidi kwa kadiri ya mara 16.

Dawa yake ni ileile ya McAdam. Mifereji na makalvati yazibuliwe kabla ya mvua. Ufa uzibwe kwa lami ya moto ungali mwembamba. Shimo lisijazwe udongo. Likatwe kwa pembe nne mpaka penye uzima, lisafishwe, likaushwe, lipakwe lami, kisha lijazwe na kushindiliwa kwa tabaka. Kila baada ya miaka kadhaa uso wote upakwe lami na kokoto upya. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, nasi sote twajua bei ya ukuta.

Fedha za kazi hiyo wananchi huzitoa. Tangu sheria ya mwaka 1993, kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa Kenya ina tozo ya matengenezo ya barabara ndani yake, na Bodi ya Barabara iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 kuisimamia. Mwendesha bodaboda wa Rodi Kopany hulipa, na mwenye matatu wa Kisauni hulipa. Basi lile swali la McAdam juu ya msimamizi na hesabu zake ni haki ya wote wawili kuliuliza.

Ndani ya mashimo yale mna mambo ya watu: dagaa wa Mbita wanaooza kabla ya kufika sokoni, miwa inayokauka njiani, mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku. Waislamu tumefundishwa kuhesabu kuondoa kinachodhuru njiani kuwa ni katika imani. McAdam hakuwa wa dini yetu, lakini alitumia nusu ya umri wake katika kazi hiyo, na aliianza kwa kuchimba mfereji.