Johann Ludwig Krapf na Nchi Asiyoifikia

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, huko Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa asilolitenda, akaugua muda wa miezi sita. Siku zile za kulala kitandani alisoma sana Biblia. Baadaye, shuleni, aliitazama ramani ya Afrika, akastaajabu kuona upande wa mashariki u mtupu, majina ni machache. Akatamani kuwa nahodha apate kuziona nchi za mbali. Lakini baba yake hakuwa na fedha za kumfundishia kazi hiyo.

Mwaka wa 1837 alitumwa Uhabeshi na chama cha misioni cha Kiingereza, CMS. Huko aliwaona Waoromo, ambao watu wa zamani zile waliwaita Wagala, akasadiki kwamba wao wakimpokea Kristo, nchi nyingi za Afrika zitafuata. Tangu siku hiyo moyo wake haukuwa na shauri jingine. Lakini alifukuzwa Adowa mwaka wa 1838. Na alipotoka Shoa mwaka wa 1842, hakupewa ruhusa ya kurudi. Basi akaazimu kuwafikia kwa njia ya kusini.

Hivyo alifika Mombasa mwaka wa 1844, pamoja na mkewe Rosine. Haikutimia miezi mitatu, homa ikamwua Rosine, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Rosine alikuwa ametaka azikwe bara, ili wapitao njiani walione kaburi lake na kukumbuka kwa nini wajumbe wa Injili walikuja. Krapf, naye akiwa mgonjwa, akamzika, akabaki.

Akajifunza Kiswahili, na mwaka ule ule akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa. Kwake yeye lugha hii ilikuwa kama ngazi tu ya kupandia kwenda kwa Waoromo. Mwaka wa 1846 alijenga Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Mwaka wa 1849 aliuona mlima Kenya wenye theluji, na wataalamu wengine wa Ulaya wakakataa kusadiki. Tena alitaka kuweka vituo vya Injili mfululizo, toka pwani hii hata pwani ya magharibi. Lakini wenzake wawili waliotumwa kumsaidia walikufa. Mwaka wa 1851, katika safari ya Ukambani, wanyang'anyi walimwua Kivoi, mkuu aliyemwongoza; Krapf akatangatanga peke yake porini, akichukua maji katika mtutu wa bunduki yake. Mwaka wa 1853 maradhi yalimrudisha kwao.

Tukihesabu kwa hesabu ya wanadamu, alipata nini? Waoromo hakuwafikia. Vituo vyake havikuivuka Afrika. Katika Rabai mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete maskini, naye alibatizwa karibu na kufa kwake.

Lakini tazameni. Sarufi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka wa 1850, na kamusi yake mwaka wa 1882. Kile alichokiona kuwa ngazi tu, kumbe ndicho kilichokuwa nyumba, na wengi waliokuja nyuma yake waliingia humo.

Alifariki Korntal mwezi wa Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Ndugu mwalimu, labda nawe una nchi moyoni mwako usiyoifikia, na darasani wamekuja watu watatu tu. Usiiache nia njema. Wala usiidharau kazi ndogo iliyo njiani. Yamkini hiyo ndogo ndiyo uliyotumwa, na huyo kiwete ndiye aliyekuwa akikungoja.