Sergei Winogradsky (1856–1953)

Winogradsky alizaliwa Kiev mwaka 1856. Alianza kusomea piano katika chuo cha muziki cha St Petersburg, akaacha, akageukia sayansi. Huko Strasbourg alichunguza bakteria wa salfa, akaona kwamba hupata nishati kutokana na kemikali, si mwanga wa jua.

Alipohamia Zurich aliwatafuta bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Watafiti wenzake waliwapanda kwenye jelatini, nao hawakuota. Winogradsky akang'amua sababu: hawahitaji chakula cha namna hiyo, kwani hujitengenezea chakula kwa hewa ya ukaa. Akawapa chumvi za amonia, kisha jeli ya silika, wakaota. Ndipo ikabainika kuwa kazi hiyo ina makundi mawili. La kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti. La pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti. (Watahiniwa wengi hupindua mpangilio huu na kupoteza alama.) Hatua hizo hizo hutokea hata katika matope ya vilindi vya bahari, palipo na oksijeni, ingawa mwanga haufiki.

Aliporudi Urusi alimpata Clostridium pasteurianum, bakteria anayenasa naitrojeni ya hewa pasipo oksijeni.

Mapinduzi ya 1917 yalimfanya mkimbizi. Mwaka 1922, umri ambao wengi wamekwisha kustaafu, Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa ilimwita, naye akaendelea kuchunguza bakteria wa udongo huko Brie-Comte-Robert, karibu na Paris. Alifariki mwaka 1953.