WILLIAM GLADSTONE NA FEDHA ZA UMMA

Wakubwa wengi wa zamani husifiwa kwa vita walivyoshinda. Mimi nimependa kuwaeleza habari za mtu aliyesifika kwa hesabu, naye ni William Ewart Gladstone wa Uingereza.

Alizaliwa Liverpool tarehe 29 Desemba, 1809. Baba yake, John Gladstone, alikuwa tajiri mwenye mashamba ya miwa huko Demerara, katika nchi iitwayo sasa Guyana, na waliofanya kazi humo walikuwa watumwa. William alisoma Eton na Oxford, akaingia Bungeni mwaka 1832 kabla hajatimiza miaka 23. Mwaka uliofuata alisimama Bungeni kuwatetea wenye mashamba. Bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka huo, liliwatengea mabwana fidia ya pauni milioni 20. Mzee Gladstone alipata zaidi ya pauni 100,000. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti moja.

Kisha mzee huyo akatafuta vibarua wengine. Mwaka 1838 merikebu mbili, Whitby na Hesperus, zilifikisha Demerara Wahindi wa kwanza wa mkataba, na baadhi yao walipelekwa mashambani mwake. Uhamiaji huo ulipoendelea miaka ya baadaye, sehemu ya gharama ilitolewa na hazina ya koloni, maana yake hata watumwa walioachwa huru waliulipia kwa kodi zao. Faida ilibaki kwa wenye mashamba.

Ajabu ni kwamba mtoto wa nyumba hiyo ndiye aliyekuja kuilinda hazina ya umma. William alikuwa Waziri wa Fedha mara nne, na Waziri Mkuu mara nne. Mwaka 1861 Bunge liliunda Kamati ya Hesabu za Serikali kwa shauri lake, na mwaka huohuo ikaanzishwa benki ya akiba ya posta ili maskini waweke fedha zao. Mwaka 1866 ikapitishwa sheria ya kumweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Tangu hapo kila wizara ilitakiwa kutumia fedha kwa kazi iliyokubaliwa na Bunge tu. Mkaguzi alizipitia hesabu, na Kamati ikawaita wakuu wa wizara kujieleza.

Tabia hiyo ilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1892 kampuni ya Waingereza ilishindwa na gharama za Uganda, na Gladstone hakupenda Serikali iubebe mzigo huo. Baadhi ya mawaziri wake, kama Lord Rosebery, walimpinga. Alijiuzulu Machi 1894, akiwa mzee na akikataa kuongeza fedha za manowari. Mwaka huohuo Uganda ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Alifariki tarehe 19 Mei, 1898.

Kwa maoni yangu, kazi yake ya mwaka 1866 ni kubwa kuliko hotuba zake zote. Tanzania nasi tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na Bunge letu lina Kamati ya Hesabu. Wahenga walinena kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari peke yake halitoshi. Hesabu za fidia ya mwaka 1833 ziliandikwa vizuri sana, jina kwa jina, na bado haki haikutendeka. Basi sisi tutakaoshika hesabu kesho tuulize mambo mawili: fedha zimekwenda wapi, na nani alistahili kuzipata?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne